Koti Langu la Kutisha Wanyakyusa

Dar walinionya kwamba Wanyakyusa wana majivuno. Basi wiki yangu ya kwanza Masukulu, kijijini kwao, nikavaa koti la mtumba, ili nami nionekane mtu. Kwenye njia ya migombani, mwanamke aliyekuwa akija mbele yangu aliacha njia ghafla, akajibanza nyuma ya mgomba na kunipa mgongo. Nikasimama katikati ya njia, nikatoa kifua. Koti limefanya kazi!

“Nipishe, mwanangu,” akasema mzee mwenye jembe, nyuma yangu. “Yule ni mke wa kijana wangu. Huku mke haonani na baba mkwe wake. Ukiziba njia, atakaa pale mpaka lini?”

Nikampisha. Mzee alipopotea kwenye kona, mwanamke akatoka, akanisalimia kwa uchangamfu, kisha akanitazama kwapani.

“Pole, kaka. Koti linakubana.”