Nuru hali nyama, na Mounira amechoka kueleza

Moshi wa kuni umejaa ua wa harusi mjini Kasongo. Mounira, mpishi wa shughuli, anageuza pilau kwa mikono miwili huku jasho likimtiririka shingoni. Kando ya masufuria makubwa kuna kisufuria chenye makemba, ndizi za kupika, na mchicha wa lengalenga.

"Hicho cha nani?" anauliza mgeni mmoja.

Mounira anashusha pumzi. "Cha Nuru. Leo nimeulizwa mpaka basi."

Nuru, bintiye wa miaka tisa, alizaliwa na ugonjwa wa kurithi. Mtu akila nyama, samaki au maharage, mwilini hubaki sumu, na nyingine hutengenezwa na vijidudu vya tumboni. Ini la Nuru halimudu kuisafisha. Ikizidi kwenye damu, hupanda hadi kwenye ubongo.

Kabla yake, Mounira alizika watoto wawili wa kiume, wote wachanga. "Banasema nimerogwa, kisha banasema mie ndiye mchawi," anasema. "Hakuna aliyesema mutoto apimwe damu."

Jibu lilipatikana katika hospitali ya Bukavu, baada ya Nuru kuanza kupayuka na kuanguka kila Idi ilipopita na nyama zake. Tangu hapo hula vyakula vya wanga, matunda na maharage ya kupimiwa. Hunywa pia dawa tamu ya maji inayopunguza sumu ya tumboni, ingawa mara nyingi hukwama njiani isifike Kasongo.

Lakini kinachomchosha zaidi Mounira ni huruma za watu.

"Huyu anampa yai, yule anampa dagaa, halafu mie naitwa mchoyo! Eti napikia mji muzima nyama, mutoto wangu anakula majani!"

Mwezi uliopita, katika harusi nyingine, wifi yake Aziza alimwita Nuru nyuma ya nyumba akampa sahani ya nyama ya mbuzi. Kesho yake mtoto alitapika, akamwita mama yake kwa jina la mwalimu, kisha akawa haamki. Mounira alimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Aziza alifuata kwa miguu, analia.

"Ilikuwa kidogo tu, wifi," alisema mlangoni. "Mutoto alikuwa anaangalia wenzake wanakula."

"Kidogo kwa nani?" Mounira akamjibu. "Kwako ao kwa ini yake?"

Wauguzi walimtundikia Nuru dripu ya sukari. Siku ya pili jioni alifumbua macho, akaomba ndizi. Amerudi shuleni, ila hesabu alizozijua zinampotea.

"Sahani moja imekula hesabu zake," anasema Mounira.

Sasa Aziza ndiye mlinzi. Harusini hambanduki Nuru, na anayemkaribia na sahani hufukuzwa. Juzi alimnyang'anya hata maharage aliyoruhusiwa na daktari, ilhali bila hayo mwili huanza kujila wenyewe na sumu hurudi.

"Nikamwambia, wifi, hayo ni ya kumukuza," anasimulia Mounira. "Akanijibu, 'Hapana, mie sitaki kumuua tena.' Sasa nimufanye nini mutu kama huyu?"

Amekata shauri. Safari ijayo ya Bukavu wataenda watatu, hata ikibidi apike harusi za huko Wamaza na Lusangi kutafuta nauli ya wifi yake.

"Dokta amueleze yeye mwenyewe," anasema, akirudi kwenye moto. "Mie sauti imekwisha."