Mbwa Aliyefuata Vikapu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mbwa mmoja alikaa langoni kwetu na majirani wakakubaliana kwamba mama yangu atakufa. Mimi sikuambiwa, bila shaka. Waliambiana wenyewe, kwa ile sauti ya chini ambayo watu wazima hudhani watoto hawaisikii, nami nilikuwa mtoto mwenye masikio.

Kwetu ni nje kidogo ya Sosiot. Shamba letu la chai linateremka hadi mtoni, na ng'ambo ya mto yanaanza mashamba makubwa ya kampuni. Mwaka ule mashine za kuchuma majani zilikuwa zimeingia huko ng'ambo, na nyumba za wafanyakazi zikaanza kubaki tupu. Watu walipakia magodoro, sufuria na kuku kwenye malori, wakarudi makwao. Kuku walipata nafasi, mbwa hawakupata.

Mmoja wao alivuka mto akaja upande wetu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, na mbavu zake zilionekana zote. Hakutaka kukaribiwa na mtu. Ukimwita alirudi nyuma, na ukimrushia ugali alingoja hadi uondoke ndipo ale. Lakini alikuwa na tabia moja ya ajabu. Asubuhi, wanawake walipopita njiani na vikapu vya majani mgongoni kwenda kituo cha kuuzia, alichomoka mbio kutoka kwenye chai, akamfuata mmoja wao na kunusa kikapu chake. Kisha alizunguka mbele akamtazama usoni. Akishamtazama, aligeuka akarudi alikotoka, kichwa chini. Kesho yake alimfuata mwingine.

Leo ukimsimulia mtu habari hii, anajua mara moja mbwa yule alikuwa akimtafuta nani. Sisi hatukujua, kwa sababu tulikuwa na maelezo yetu tayari. Kwetu iliaminika kwamba mbwa asiye na mwenyewe akilia kwa sauti ndefu langoni mwa mtu, anaita kifo. Wanawake wakasema huyu anachagua, ndiyo maana anasoma nyuso. Halafu akaenda kulia langoni kwa mzee mmoja jirani, na mzee akafariki wiki hiyo hiyo. Kwamba mzee yule alikuwa mgonjwa tangu kabla sijazaliwa, hakuna aliyekumbuka kulitaja.

Kutoka kwa mzee, mbwa akahamia langoni kwetu.

Wakati huo mama alikuwa amelazwa hospitali huko Longisa, karibu na anakoishi dada yake. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa inamsumbua hata akaambiwa asisimame wala asiinue kitu. Baba alikuwa huko pamoja naye. Nyumbani tulibaki mimi na Kogo, ndiyo nyanya, mama yake baba. Kila jioni, ng'ombe wakirudi, mbwa alikaa langoni, akainua pua juu na kulia. Mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto, na kila akilia niliongeza kuni. Niliogopa sana. Usiku nilimwota mama amelala na shuka hadi usoni.

Baba mdogo Wesley, ndugu yake baba, ndiye aliyekuja na shauri. Hakuingia hata ndani. Alisimama uani, akamwangalia yule mbwa kwa mbali.

"Mama, hiyo mbwa si ya kuchezea," alimwambia Kogo. "Jumamosi nakuja na kamba na panga. Hii maneno tumalize."

 Kogo alikuwa mwanamke wa kimo kifupi na maneno machache, na imani zake alizishika kama alivyoshika ng'ombe wake, moja moja na kwa jina. Hakupiga mluzi jua likizama. Hakuhesabu vifaranga kwa sauti. Na alipokuwa anafikiri alitafuna tu, hata kama hakuna kitu mdomoni.

"Unajua nini kuhusu mbwa wa kifo, wewe?" akamwuliza Wesley mwishowe.

"Najua analia, mama. Kila mtu anasikia."

"Kulia analia kila mbwa. Mbwa wa kifo anajulikana kwa kitu kingine. Hali chochote mkononi mwa mtoto. Hawezi. Akila mkononi mwa mtoto, huyo ni mbwa tu." Akanionyesha kwa kidevu. "Chebet atamlisha. Akikataa mpaka Jumamosi, njoo na panga yako."

Wesley alitaka kubisha, lakini nani angebishana na Kogo kuhusu mambo ya kale? Akaenda zake.

Nami nikabaki na mzigo. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa fupi. Mbwa akila, mama atarudi. Mbwa asipokula, mama hatarudi. Sikuona njia ya tatu, na sidhani Kogo alijua amenitwika kitu kizito hivyo. Pengine alijua.

Nilianza kwa ile njia niliyoisikia shuleni. Nilikanda tonge la ugali, nikaliweka kwapani mpaka likanuka mimi, nikamnyooshea. Alirudi nyuma hatua moja kwa kila hatua yangu. Siku iliyofuata nikamletea maziwa ya Kogo, yale yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa, nikachutama na bakuli mkononi mpaka miguu ikafa ganzi. Alitazama bakuli, akatazama mkono, akalala chini kwa mbali. Nilijaribu kumwimbia. Nilijaribu kumkemea. Nilimwambia kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili kwamba mama yangu ni mtu mzuri na hajamkosea mbwa yeyote. Mwishowe nikalia, na yeye akaniangalia nikilia, masikio yamesimama, hilo zima na hilo la kukatika.

Ijumaa sikuenda shule. Kogo hakuniuliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, mahali anapoiona njia, akitenga mawe kwenye maharagwe. Wanawake wakapita na vikapu, mbwa akachomoka kama kawaida yake, akanusa, akazunguka, akatazama, akarudi.

"Huyo haogopi vikapu," Kogo akasema, kama anayezungumza na maharagwe yake.

Nikasema, "Ee, Kogo."

"Cha mama yako kiko nyuma ya jikoni."

Nilikimbia. Kikapu cha mama kilikuwa kimeangikwa ukutani, kikavu, kina harufu ya majani yaliyonyauka. Nikaingiza mikono kwenye mikanda nikakivaa. Kilinikaa sawa mabegani, na hilo sikulifikiria hata kidogo, kwa sababu mtoto mwenye haraka haoni kitu ambacho hakimzuii.

Nilichukua ugali nikaenda hadi karibu na lango, nikasimama. Mbwa akaja! Alikuja mbio kabisa, nikamsikia ananusa nyuma yangu. Kisha akaanza kuzunguka, nami nikajua kinachofuata. Akiona uso wangu tu, ataenda. Sijui nilipata wapi akili ile. Niligeuka naye. Alivyozunguka, nami nikazunguka, mgongo wangu ukabaki kwake, kisha nikakaa chini polepole na kupitisha mkono nyuma, kando ya kikapu, ugali kiganjani.

Nilifumba macho. Mashine za ng'ambo zilisikika zikinguruma. Halafu nikahisi pumzi ya moto kwenye vidole. Halafu ulimi.

"Amekula," Kogo akasema kutoka kwenye kigoda.

Sikugeuka. Mbwa alimaliza ugali, akalamba kiganja mpaka kikawa kisafi, kisha akajilaza ubavu wake wote kwenye kikapu, akashusha pumzi ndefu, na uzito wake ukanisukuma mbele kidogo. Tulikaa hivyo. Nilipogeuza uso hatimaye, aliniangalia. Nilimwona akigundua kwamba si mimi aliyemtaka. Lakini safari hii hakuondoka.

Kogo alikuja akachukua mkono ule ule uliolambwa, akanitemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wetu wanavyobariki. Jumamosi Wesley alipofika na kamba, Kogo alimwambia aitumie kufungia ndama.

Mama alijifungua wiki iliyofuata, jioni, ng'ombe wakirudi, na ndiyo maana mdogo wangu anaitwa Kiprotich. Mbwa tulimwita Kapu. Hakulia tena langoni, kwani sasa alikuwa na mtu wa kumfuata shambani, na mama alipopata nguvu za kuchuma tena, Kapu alilala kwenye kivuli cha kikapu chake siku kutwa. Alikaa nasi hadi uzee wake.

Nakumbuka siku mama alipokichukua kikapu mara ya kwanza. Kilikataa kupita mabegani.

"Nani alifupisha hii mikanda?" aliuliza. "Na amefunga mafundo ya ndama!"

Kogo alikuwa anatafuna. "Watoto wanachezea vitu," akasema.

Mimi mafundo ya ndama sikuyajua. Kogo ndiye aliyeyafunga peke yake pale nyumbani. Lakini nilikuwa na mtoto mchanga wa kubeba na mbwa wa kuonyesha watu, nikalisahau jambo hilo kwa miaka mingi.

Kogo amefariki sasa. Tangu afariki nimekuwa na tabia ya kuwauliza wazee, nikiwakuta, habari za mbwa wa kifo. Niliuliza Roret, niliuliza kwa dada yake mama kule Longisa, niliuliza hata kwenye matanga. Kulia langoni wote wanakujua. Lakini kwamba hali mkononi mwa mtoto, hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia. Mzee mmoja alinicheka, akaniuliza nani alinidanganya.

Ningefurahi kusema kwamba Kogo hakuamini mambo yale, kwamba alikuwa akituchekea sisi sote. Si kweli. Mpaka mwisho wa maisha yake, mbwa mgeni akilia jioni, aliinuka mwenyewe kwenda kufunga lango, kisha akalivuta mara mbili kuhakikisha limeshika. Mtoto aliyekuwa anazaliwa kule Longisa alikuwa mjukuu wake, na mama alikuwa mkwe aliyempenda. Aliuogopa mlio ule kuliko mimi, kuliko Wesley na panga lake. Na wakati fulani kabla ya Ijumaa ile, akiwa na hofu hiyo hiyo, alikwenda nyuma ya jikoni akakiangua kikapu, akakumbuka upana wa mabega yangu, akaifunga mikanda.