Mwanamina Aenda Kupimwa na Kungwi Wake

Ukifika Kiongoroni ukauliza nani anayeongoza nyimbo kwenye ngoma za wanawake, hata kitoto kitakuonesha nyumba ya Mwanamina. Lakini mwaka ule, jamani, sauti yake haikusikika. Damu ilimtoka hovyo, leo imekatika, kesho imerudi, na mwanamke anayeogopa kuchafua kanga mbele za watu hachezi ngoma. Aliwahi kwenda kupimwa mahali, huko mbali. Walipoanza kumwingiza chombo bila hata kumwambia neno, alishuka kitandani, akavaa ndala zake, akarudi kwake.

Ila mpwa wake alikuwa amewekwa ndani kufundwa, na baada ya mavuno angetolewa mwali. Aimbe nani? Ndipo Mwanamina alipomfuata Bi Shufaa amsindikize, kungwi wake anayemwita somo, yule aliyemfunda alipovunja ungo. Wakapanda boti, kisha gari, mpaka hospitali ya Kibiti.

Mpimaji wa ultrasaundi alikuwa binti mmoja mchangamfu, Sihaba. Alifunga mlango, akavuta pazia, akampa shuka la kujifunika.

"Shangazi, nataka nikione kizazi kwa karibu, kwa hiyo kipimo kinaingia ndani. Nimekivika mpira, nimekipaka jeli kiteleze. Utakiingiza mwenyewe. Ukisema basi, natoa."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Njia unaijua wewe."

Mwanamina akakiingiza taratibu, kisha akavuta kanga yake mpaka usoni.

"Unaumia, shangazi?"

"Haumii," akajibu Bi Shufaa, aliyesimama kichwani pa kitanda.

Sihaba akasogeza kidogo. "Na hapa?"

"Hapo pia haumii. Endelea, mwanangu."

Sasa hiyo ndiyo desturi: mwali hufunikwa, hasemi, kungwi ndiye humsemea. Na Bi Shufaa, miaka yote hiyo, hajaacha kazi.

Sihaba akatuliza mkono. "Bibi, nakuheshimu, lakini nataka nisikie kwake."

"Mwali hasemi!"

Kanga ikatikisika. "Somo wee! Mwali gani ana wajukuu? Kwani kimeingia kwako? Hapo kushoto panauma!"

Sihaba alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Bi Shufaa naye, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Mwanamina alipomaliza kucheka alijikuta mwili umelegea wote, uso uko wazi, anatazama kioo cha mashine. Kila penye kuuma alisema, na kila aliposema, mkono ulirudi nyuma.

"Kiduara kile ni kinyama kidogo kimeota ndani," Sihaba alimwonesha. "Daktari atakueleza namna ya kukitoa. Tumemaliza."

"Tayari?" akadakia Bi Shufaa. "Nami nilikuwa bado namsikilizia!"

Kinyama kilitolewa, na damu ikakoma. Siku mpwa wake anatolewa, Mwanamina alisimama katikati ya uwanja, kanga nyeupe pee kiunoni, akaanzisha wimbo mpya wa bibi mmoja aliyepimwa kwa tumbo la mwenziwe.

Wanawake wakaitikia. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bi Shufaa.