Mtumbwi wa mafunjo na chai ya Mwita

Jamani, chai ya leo kwa rafiki yangu Mwita imenishinda kumeza.

Enzi za ujamaa tulitoroka shamba la kijiji, mimi na yeye, tukaenda mto Mara kuwinda bata.
Mtumbwi tuliufunika mafunjo mpaka bata wakatua karibu.
Nimeshalenga gobore, filimbi ya mgambo hiyo!
Nikalimishwa wiki nzima.

Tangu hapo nikamnunia jirani yangu Chacha, maana ndiye pekee aliyetuona tukikata mafunjo.

Leo Mwita anawasimulia wajukuu zake, anacheka: "Mimi ndiye niliyemwambia mwenyekiti, ili anisamehe utoro wangu wa nyuma."
Nikamuuliza, "Na Chacha je?"
"Aa, si ulimnunia mwenyewe?"

Nyie mngemjibu nini?

Chacha tulimzika mwezi uliopita. Nilikataa hata kumtupia udongo.