Baba wa Kukodi pale Oraba

Gari letu lilizuiliwa Oraba, mpakani mwa Uganda, kwa sababu ya jina la mtu aliyekufa, na aliyeliandikisha jina hilo ni mimi.

Tulilinunua Yei, Sudan Kusini, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahamia Juba. Gari dogo la mizigo, jeupe, mlango mmoja umebonyea, viti vinanuka samaki mkavu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipeleka unga wa muhogo huko juu ya malori ya watu, nimekalia magunia yangu mwenyewe, na mimi na mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, tulikuwa tumechoka. Yule mfanyabiashara alipochukua kalamu kuandika karatasi ya mauzo, akaniuliza aandike jina la nani. Nikamtajia jina la baba.

Mama alitangulia, baba akafuata nikiwa darasa la sita. Sikurudi shule. Nyuma yangu walikuwa wadogo wanne na nyumba yetu ya Pajulu, huko Arua, na tangu hapo kila kitu chetu kinaitwa cha baba: shamba la baba, baiskeli ya baba, mbuzi wa baba, hata mbuzi waliozaliwa miaka kumi baada ya yeye kuzikwa. Ni namna ya kuziba midomo. Kitu kikiwa changu, baba zetu wadogo watasema nitakipeleka kwa mume. Kikiwa cha mdogo wangu, wale wengine watanung'unika. Kikiwa cha baba ni chetu sote, na hakuna wa kukigusa. Basi gari nalo nikalifanya vivyo hivyo. Nikatia sahihi kwa jina lake, kwa mkono wangu, na roho ikatulia.

Tulivuka asubuhi kutoka Kaya, upande wa Sudan Kusini. Mdogo wangu alihamisha gari kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto, akacheka peke yake kwa furaha. Ofisa wa forodha alikuwa kijana nadhifu anayesoma kila mstari. Alisoma, akainua macho.

"Mwenye gari iko wapi?"

"Iko nyumbani, afande," mdogo wangu akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Akuje na kitambulisho. Bila yeye gari inabaki hapa."

Nyumbani kweli alikuwepo. Kaburi lake liko nyuma ya jiko.

Wakala tuliyempa kazi ya kushughulikia karatasi alinivuta kando. Alinukia marashi yaliyomwagwa juu ya jasho la jana.

"Dada, baba yako amekufa, si ndiyo?"

"Amekufa."

"Nilijua tu! Nyinyi watu ya Arua mnapenda kununua gari na jina ya mutu ya kaburi." Akacheka mpaka nikaona meno ya nyuma. "Si shida. Baba iko. Hapa baba haikosi."

Sikumwelewa mpaka alipotupeleka nyuma ya kibanda chake. Hapo, kwenye kreti ya soda, alikaa mzee mmoja anakula kisra na bamia. Alichovya ule mkate mwembamba kwenye sahani, akauinua, na ute wa bamia ukavutika kutoka sahanini mpaka kidevuni. Aliukata kwa kidole, akajipangusa kwenye suruali. Wakala akatoa koti jeusi lililoning'inia kwenye msumari, akamvalisha. Kola yake ilikuwa inang'aa kwa mafuta ya shingo za watu. Nikaelewa kwamba koti lile lilikuwa la kazi, na kwamba si yeye peke yake aliyekuwa akilivaa.

"Huyu jana alikuwa mjomba ya mama moja ya Yei," wakala akasema kwa fahari. "Juzi alikuwa baba ya dereva ya lori. Kitambulisho tutasema imepotea. Barua ya kijiji ninayo hapa, na muhuri ninayo." Akaufungua mfuko wa nailoni, akanionyesha muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili.

Mzee akanitazama kama mtu anayepima ng'ombe. "Wewe ndiyo mtoto yangu ya kwanza?"

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Iko na kichwa ngumu," akamwambia wakala, wakacheka wote wawili. Kisha akavunja njiti ya kiberiti, akaanza kuchokoa meno na kunihoji. Mko wangapi? Mama yenu alikuwa mtu wa wapi? Alikufa na ugonjwa gani? "Lazima nijue, mwanangu. Ofisa akiniuliza bibi yangu alikufa na nini, niseme nini?" Akatema kipande cha bamia karibu na mguu wangu.

Niliuvuta mguu. Mama yangu alikufa akinishika mkono, na hapa mtu anaomba habari zake aziweke mdomoni pamoja na mabaki ya chakula.

Lakini mdogo wangu alijibu. Alijibu yote, kwa upole, amechuchumaa mbele ya ile kreti. Mama alikuwa wa Lobule. Aliugua kifua. Tuko watano. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akaweka mkono wake wenye ute juu ya kichwa cha mdogo wangu. "Pole, mtoto yangu. Umeteseka."

"Asante, baba," mdogo wangu akasema.

Nikamvuta kwa shati mpaka kwenye gari. "Unamwita nani baba?"

"Ni neno tu, dada. Dakika tano, tunaondoka na gari."

"Si neno tu."

"Kwako si neno tu. Wewe unamkumbuka." Akajipangusa ute kichwani. "Mimi nilikuwa mdogo. Sina hata sura yake."

Tukaingia ofisini wote wanne, na mzee, lazima niseme, alijua kazi yake. Aliegemea meza, akakohoa, akasema gari ni lake, watoto wake wamelileta, yeye amezeeka hawezi safari ya Yei. Ofisa akaisoma barua. Akaigeuza upande wa pili. Kisha hakumuuliza mzee, aliniuliza mimi.

"Mama, huyu ni baba yako?"

Wakala alinikanyaga mguu. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Gari lilikuwa pale dirishani, na ndani yake lilikuwa jasho la miaka yetu yote.

"Hapana," nikasema. "Baba yangu amekufa. Jina nimeandikisha mimi."

Mzee alitoka wa kwanza, kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake. Wakala alifuata akinitukana: mjinga, mtu wa kijiji, mwanamke asiye na shukrani. Ofisa aliichana ile barua, akasema nina bahati hataki makelele leo, nirudi Yei niandikiwe karatasi kwa jina la mtu anayepumua.

Gari likabaki Oraba, na mdogo wangu akaningoja Koboko, mji wa jirani, bila kunisemesha. Mimi nikapanda lori, nimekalia magunia ya mwingine. Njia nzima niliuona ule mkono wenye ute, na nilitaka kumchukia yule mzee kwa raha zangu, lakini sikuweza kumaliza. Yeye alivaa jina la baba kwa saa moja. Mimi nililitia sahihi Yei, nikijua yuko kaburini, ili lininunulie amani na ndugu zake. Nilijionea kinyaa.

Yule mfanyabiashara alikuwa bado anafunga mizigo. Akauliza tena, jina la nani? Nikataja langu. Yatakayosemwa Pajulu nayajua. Baba mdogo mmoja amekwisha kuuliza naolewa lini.

Safari hii Oraba tulipita. Mdogo wangu ndiye aliyeendesha. Tulipoiacha Koboko nyuma ndipo alipofungua mdomo.

"Baba alikuwa mrefu kama yule mzee?"

"Mfupi. Mfupi kukushinda wewe. Na hakuvaa koti maishani mwake."

Akaitikia kwa kichwa, macho barabarani. Akalikwepa shimo moja.

"Na sauti yake? Ilikuwa nzito?"

Nilijaribu kuisikia. Haikuja. Badala yake ilikuja ile ya mzee wa Oraba, inakohoa, inasema gari ni langu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nzito sana."