Bastola za Baba za Mpini wa Pembe

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye soko la vitu vya kale nikitafuta meza ndogo ya kuwekea taa, mara nikasikia mlio nyuma yangu: kra-kra, halafu ta! Jamani, nusura nimwage kahawa. Sikuhitaji kugeuka. Nilijua kuna mtu anavuta kinyundo cha bastola ya kizamani, na papo hapo pua yangu ikajiletea yenyewe ile harufu ya mafuta ya kulainishia chuma iliyojaa sebuleni kwetu Rexdale, hapa Toronto, utoto wangu wote.

Baba yangu alikuwa akikusanya bastola. Msinitazame hivyo. Hakuwa jambazi wala mwanajeshi. Alipakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mtu mpole kutoka Mwanza, asiyeweza hata kumfokea mtoto wa jirani. Bastola zake zilikuwa za enzi zile za kushindilia baruti na kuweka fataki, na humo ndani hamkuwa na kitu. Chuma chake kilichongwa nakshi za majani yanayojisokota mpaka kwenye mtutu, na mipini ilikuwa ya pembe ya ndovu iliyogeuka rangi ya samli. Kwa sheria ya huku, hivyo ni vitu vya kale tu.

"Hata kibali hazihitaji, Mama Neema," Baba alikuwa akimwambia mama yangu. Na Mama, muuguzi mwenye ulimi mkali kama wembe, anamjibu, "Sheria ya huku haijawahi kuwekewa mtutu sikioni."

Nilijua majambazi waliwahi kuvamia duka letu Mwanza kabla hatujahamia Kanada. Hadithi yenyewe ilikuwa sentensi moja: walituvamia, Mungu akasaidia. Ukiuliza zaidi unatumwa kuleta chumvi.

Kila nyumba ya Watanzania niliyoijua Toronto ilikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya wageni, ambavyo wageni wenyewe hawavigusi. Kwetu vikombe vilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda, na kabatini zimelala bastola. Ikifika zamu yetu ya kupokea akina mama wa maombi, Mama anafunika vioo kwa kitenge. Siku moja mama mmoja akauliza tumefuga nini humo, na Mama akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tena.

Jioni, akishakunywa chai, Baba alitoa bastola moja, akaifuta kwa kitambaa, akaitia mafuta. Kisha anaisogeza sikioni, anafumba macho, anavuta kinyundo. Kra-kra, ta. Anatulia, anarudia. Jikoni Mama anafungulia bomba mpaka mwisho, maji yanaunguruma kwenye sinki hata kama vyombo vimeshaoshwa. Mimi nilidhani tu mama yangu anapenda usafi.

Na mimi, nawaambia ukweli, nilizipenda zile bastola. Baba akizungumza Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa mafupi na ya kuchosha. Lakini akinipa kitambaa nifute mpini wa pembe, tulikaa pamoja saa nzima bila kukosa la kusema.

Basi Jumapili moja, tumetoka kanisani, Baba akatoa mpya, nzuri kuliko zote. Alikuwa na furaha ya kitoto. "Njoo uone, mke wangu. Shika tu, haina kitu." Akaiweka kwenye kiganja cha Mama, akaufunga mkono wake kwa upole juu ya mpini, kisha akavuta kinyundo.

Mama hakupiga kelele. Alisimama vilevile na gauni lake la kanisani, na mimi nikaona mkojo ukimtiririka mguuni mpaka kwenye zulia. Mama yangu! Mwanamke aliyekuwa akibishana na madaktari! Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Baba alipiga magoti, akavua shati lake jeupe, akawa anamfuta miguu huku akilia, "Nisamehe, nisamehe."

"Neema," Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "vaa koti."

Tulienda mji wa jirani, Pickering, kwa mama mdogo. Nikiwa kitandani nilimsikia Mama akimwambia mdogo wake, "Zile zikibaki mle ndani, mimi sirudi." Nililia kwenye mto. Niliogopa kwamba Baba ataambiwa achague, na atachagua vibaya. Wiki zilipita. Kisha siku moja nikachungulia dirishani nikamwona amesimama nje kwenye theluji, hapigi kengele, amesimama tu. Nikakimbia kumfungulia. "Nimeuza zote," alisema, na tukarudi nyumbani.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Mtu akibofya kalamu mezani, Baba anaacha kula, anainamisha kichwa kusikiliza. Mama anamgusa mkono, "Baba Neema, kula." Iliendelea hivyo mpaka alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi.

Jumamosi hiyo nilitoka sokoni nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nikamwuliza, safari hii kwa Kiswahili, ni nini hasa kilitokea Mwanza. Hakunituma chumvi. Alisema jambazi alimlaza kifudifudi kati ya magunia ya sukari, akamwekea bastola sikioni, akavuta kinyundo. Baba alikuwa stoo, nyuma ya mlango. Bastola yenyewe hakuiona. Aliusikia ule mlio. Na hakutoka mpaka walipoondoka.

"Angetoka wangemuua," Mama alisema. "Mimi pale chini nilikuwa namwomba Mungu baba yako asitoke. Nimemwambia hivyo maisha yetu yote, hakuniamini."

Miaka yote hiyo nilidhani baba yangu anapenda nakshi na pembe, kumbe alikuwa akisikiliza, anajipima kama leo angetoka. Na kila alipojipima, Mama alilazwa upya sakafuni. Nilimwuliza Mama lini alimsamehe.

"Palepale chini, mwanangu," akasema. "Mimi nilishainuka. Yeye ndiye hakuwahi kutoka mle stoo."