Mtani wa Kupangiwa

Ukiitafuta karakana ya Elieza pale Kitete, usiulize jina lake, utazungushwa mpaka jioni. Uliza Mrundi wa majeneza. Hapo hata mtoto atakunyooshea kidole: kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la dawa, jirani na hospitali, na mbele yake majeneza mawili matatu yamesimamishwa wima, yamepakwa vanishi, yanangoja wenyewe. Elieza halipendi jina hilo. Kwao Bujumbura alikuwa akitengeneza vitanda vya maharusi, na hata hapa alianza na vitanda. Lakini watu wa mtaa wana mafundi wao wa vitanda, waliokua nao na kusali nao. Kwenye msiba ndipo hawachagui.

Alishuka stesheni ya Tabora na mkewe Dafrosa miaka sita iliyopita, baada ya kuvuka ziwa na kupanda treni Kigoma. Aliyewapokea ni Najiat, binti wa mjini hapa, ambaye badala ya kuuza vitenge kama mama yake alianzisha kikampuni cha kuwasaidia wageni wanaohamia: kuwatafutia vyumba, kuwaunganisha na wateja, kuwasindikiza kwenye ofisi za vibali. Akakiita Mlango Wazi. Mama yake mpaka leo anasema huo ni wazimu. Huenda ni kweli, ila ni wazimu ambao ulimpatia Elieza chumba, kibanda na randa yake ya kwanza.

Mwaka jana, mvua za kwanza ziliponyesha, Dafrosa akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Majirani walikuja, siwezi kuwasingizia. Walileta unga na kuni, wakachimba kaburi, wakaimba, wakazika. Lakini walizika kwa ile adabu ya kumzika mgeni, kila mtu mikono nyuma na macho chini. Hakuna aliyeficha jembe. Hakuna aliyeruka kaburini akakataa kutoka. Hakuna aliyeigiza jinsi Dafrosa alivyokuwa akiburuta kandambili na kumgombeza kila kuku aliyekatiza mbele yake.

Usishangae kwamba mtu analilia fujo msibani. Elieza alikuwa ameshapeleka majeneza kwenye misiba mingi ya Wanyamwezi na alijua inavyokuwa. Watani wanafika, wanamtukana marehemu mchana kweupe, wanaficha jembe la kuchimbia kaburi, wanalala kaburini na kudai jogoo ndipo watoke, na wafiwa wenyewe, macho yamevimba kwa kulia, wanajikuta wanacheka. Wazee wa Tabora husema mambo hayo yalianzia njiani, enzi za misafara ya kwenda pwani: mpagazi akifia ugenini, mbali na ndugu, mtani ndiye aliyemzika na mtani ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumcheka. Mtu asiye na mtani alifukiwa tu, msafara ukaendelea. Dafrosa alifukiwa tu. Hicho ndicho kilichomkaa Elieza kooni mwaka mzima.

Basi wakaja wanafunzi. Walikuwa watatu, wa chuo cha maendeleo ya jamii, wameingia ubia na Mlango Wazi: wao wafanye utafiti juu ya kinachowapungukia wageni, Najiat apate pa kuelekeza nguvu zake. Aliyepangiwa Elieza alikuwa Kulwa, msichana wa Kisukuma kutoka Shinyanga, mrefu, mwepesi wa kucheka. Alimwamkia shikamoo, akaketi juu ya ubao na kuuliza maswali yake. Kazi anayo? Anayo. Makazi? Anayo. Matibabu, majirani, usalama? Vyote vipo, mwanangu, Mungu ni mwema. Kulwa akauliza kama kuna kitu chochote kilichobaki.

"Sina mtani," Elieza akasema.

Kulwa akacheka, akidhani ndiyo mzaha wenyewe. Akainua macho, akamwona mzee wa watu ameinamia msasa wake, hacheki, akafunga daftari kwa aibu. Siku hiyo hakuuliza tena. Alikaa akasikiliza habari za Dafrosa mpaka kivuli cha majeneza kikavuka barabara.

Kijana akiguswa moyo huwa na haraka. Kulwa aliporudi ofisini akawaeleza wenzake, wenzake wakamweleza Najiat, na kabla ya mwezi kwisha likazaliwa jambo ambalo wapagazi wa zamani wangelisikia wangeweka mizigo chini kwa kicheko: kila mgeni atapangiwa mtani. Watakutana Jumamosi ofisini, kwenye chai na maandazi, wataniane, na wanafunzi watazame kama mgeni anazidi kujisikia nyumbani.

Elieza akapangiwa Xavery, mkulima wa Ntalikwa, Mnyamwezi, Mkatoliki, mtu mwema kupita kiasi. Na huo wema ndio ulioharibu kazi. Jumamosi ya kwanza Xavery alimuuliza kwa heshima kama ataudhika akiambiwa kwamba Warundi wanapenda sana maharage. Elieza akamjibu kwamba hataudhika. Wakanywa chai. Jumamosi zilizofuata waliongea juu ya mvua na bei ya mbolea, kama watu wawili wanaongoja daktari. Elieza alikuwa akitoka pale na upweke zaidi kuliko alivyoingia. Najiat naye, ambaye si mjinga, akamwambia Kulwa kwamba jaribio hilo litakoma mwisho wa muhula.

Kabla muhula haujaisha, baba yake Xavery, mzee Mathias, akafa. Jeneza alilitengeneza Elieza. Alichagua mninga safi, akapiga randa mpaka mbao zikateleza, akalisindikiza mwenyewe Ntalikwa. Kulwa naye alikwenda, kumpa Xavery pole.

Watani wa familia hiyo walikuwa hawajafika, gari lao limekwama njiani, na padri hakuweza kungoja zaidi. Kwa hiyo mazishi yakawa kimya. Mikono nyuma, macho chini. Mjane, Bibi Apolinaria, alikuwa amekalishwa kwenye mkeka na wanawake wawili, amekauka, hajalia wala kula tangu mumewe akate roho. Elieza akauona ukimya ule na akautambua. Ulikuwa ule ule wa Dafrosa. Akajikaza, akashindwa. Si yeye mtani wa Xavery? Si walipangiwa? Akavua viatu, akawapita wachimbaji, akarukia kaburini na kulala chali.

"Mzee huyu haingii humu," akasema kwa sauti. "Mvivu wa kutupwa huyu. Akilala leo, hata parapanda ya mwisho haitamwamsha. Nipeni jogoo nitoke."

Hakuna aliyecheka. Padri akafunga kitabu. Kulwa akaziba mdomo kwa mtandio. Alijua ni nani aliyempa Elieza haki ambayo haikuwa ya kutolewa ofisini. Ndugu yake marehemu akageuka, akamuuliza Xavery huyu ni nani.

Xavery alikuwa na jibu. Kwa Jumamosi zote zile alikuwa amelizoea. Lakini mbele ya ukoo mzima, baba yake yuko kwenye jeneza, aibu ikamshinda. "Ni fundi wa jeneza," akasema.

Elieza alisikia kutoka kule chini. Akainuka, akaanza kupanda mwenyewe, udongo unamporomokea kifuani, na hakuna aliyempa mkono. Alipofika juu hakujipangusa. Alitafuta viatu vyake tu, aondoke, na moyoni alikuwa ameshaamua kuuza kibanda na kurudi kwao, potelea mbali.

"Nani kamwambia atoke?"

Alikuwa Bibi Apolinaria. Amesimama, kashikwa huku na huku, khanga imemdondoka kichwani.

"Fundi, rudi humo. Hujapewa jogoo."

Shemeji yake akataka kumtuliza, akamwambia huyo si mtani wao, ni Mrundi tu. Bibi akamtazama kama anayetazama debe tupu. Kisha akasogea hadi ukingoni.

"Mathias alikuwa mvivu," akasema. "Nimelima shamba lake tangu nikiwa mwali, yeye kivulini anapiga filimbi. Leo mnamzika kama mtakatifu, mimi nitamlilia nani? Simjui huyo mnayemzika. Anayemjua ni huyu mwizi wa makaburi peke yake." Akamgeukia Elieza. "Na wewe, Mrundi, kwenu hakuna vitanda mpaka ulale kwenye shimo la mume wangu? Pua lenyewe kama mwiko."

Hapo akacheka, na kicheko hakikufika mbali kabla hakijawa kilio, kile kilichokuwa kimekataa kutoka. Wanawake wakampokea. Jogoo akakimbizwa uani, akakamatwa. Elieza akarudi kaburini kama alivyoamriwa, akatolewa kwa heshima zake zote, na Xavery ndiye aliyemvuta mkono, bila kuweza kumtazama usoni.

Baadaye, watu wakila, Kulwa alimfuata Elieza akamwambia hajui aandike nini kwenye utafiti. Akiandika mpango umefaulu atakuwa mwongo, kwa sababu mtani waliyempangia alimkana. Elieza akamwambia aandike vyovyote, ila wasimwachishe Xavery zile Jumamosi, maana sasa ana deni la kutukanwa.

Kabla hajaondoka, aliitwa ndani kumuaga mfiwa. Akamwamkia, akaitikiwa. Bibi akamuuliza kama ana mke. Akajibu alikuwa naye.

"Walimzikaje?"

"Vizuri, mama. Kimya."

Bibi hakusema pole. Alikaa akiikunja khanga na kuikunjua. Kisha akasema yeye haruhusiwi kutoka mpaka matanga yaishe, lakini yakiisha atakwenda huko Kitete, huyo mke aonyeshwe, kwa sababu haiwezekani mtu akae chini mwaka mzima bila kusumbuliwa.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kwa Elieza kuliko mwaka mzima uliopita. Alichokitaka alikuwa amekipata, lakini amekipata yeye, na Dafrosa ndiye aliyekistahili, Dafrosa ambaye angeweza kumjibu yule bibi tusi kwa tusi mpaka usiku. Alitamani kumsimulia. Alikuwa akigeuka na randa mkononi kumwambia, akaukuta ukuta. Asubuhi matanga ya Ntalikwa yalipoanuliwa, hakufungua kibanda. Alichukua jembe, akaenda makaburini, akapalilia majani pande zote mpaka kaburi likawa jeupe. Kisha akachuchumaa.

"Jitayarishe, Dafrosa," akamwambia. "Kuna mama mmoja anakuja kukutukana."